Maziwa ya Perpetua na Felicitas

Machi 7, mwaka 203, watu wa Karthago, katika Tunisia ya leo, walijaa uwanjani kutazama damu. Ilikuwa michezo ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari Septimius Severus. Wanawake wawili wakaingizwa uchi, wamefungwa nyavu. Mmoja alikuwa binti mwororo. Mwingine ametoka kujifungua juzijuzi, maziwa yakimchuruzika. Umati ule ule wenye kiu ya damu ukashtuka. Ikabidi warudishwe wakavikwe.

Wa kwanza ni Vibia Perpetua, wa miaka kama 22, mwana wa watu, msomi, mwenye mtoto wa kiume anayenyonya. Wa pili ni Felicitas, mtumwa. Walikamatwa pamoja na wenzao wakiwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa ubatizo.

Habari nyingi za maisha yao gerezani zimetufikia kwa sababu Perpetua aliandika mwenyewe akiwa humo. Sauti ya mwanamke Mkristo wa zama zile ni adimu mno, na huyu hahubiri. Anaeleza giza, joto la msongamano, wanajeshi wanaowadai fedha na, zaidi ya yote, mashaka juu ya mwanawe. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, walitoa fedha ili wafungwa wapumzike saa chache mahali penye nafuu. Hapo akamnyonyesha mtoto aliyekwisha kulegea kwa njaa. Aliporuhusiwa kukaa naye, gereza likageuka jumba la kifalme machoni pake.

Kisha kuna baba yake, mzee ambaye nashindwa kumlaumu. Alimjia akimsihi aikane imani. Perpetua akamwonyesha mtungi: je, waweza kuitwa jina lisilo lake? Basi na yeye hawezi kuitwa ila Mkristo. Siku ya kesi mzee alitokea na mjukuu mikononi, na liwali Hilarianus akaamuru apigwe fimbo. Perpetua aliandika kwamba uchungu wa fimbo ile aliusikia mwilini mwake. Baada ya hukumu baba akakataa kumrudisha mtoto. Mtoto hakulilia tena ziwa, wala matiti ya mama hayakuvimba. Kwa Perpetua, hiyo ilikuwa rehema ya Mungu.

Felicitas alikuwa na mimba ya miezi minane, na sheria ya Kirumi haikuruhusu mjamzito auawe. Hofu yake ilikuwa kuachwa nyuma, aje kufa baadaye kati ya wahalifu. Wenzake wakaomba, uchungu ukamshika hapo hapo, akajifungua mtoto wa kike. Dada mmoja Mkristo akamchukua kumlea.

Uwanjani waliachiliwa ng'ombe jike mkali. Perpetua alirushwa, akaanguka, akavuta nguo kujisitiri, akaomba kibanio afunge nywele, maana nywele timtim zilikuwa alama ya msiba. Akamwona Felicitas chini. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua, wakasimama bega kwa bega. Mwisho ulikuja kwa upanga. Mkono wa kijana aliyetumwa kumchinja ulitetemeka, upanga ukagonga mfupa. Perpetua akapiga ukelele, kisha akauongoza mwenyewe mpaka kooni.

Katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza ya Misa ya Kikatoliki majina yao husomwa pamoja, na mtumwa ndiye hutangulia: Felisita, kisha Perpetua.