Maulizo ya Motokaa Kuukuu: Kuinunua, Kuitengeneza na Kuiegesha



Leo twataka kuzungumza juu ya motokaa zilizokwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kutufikia sisi. Tumechagua kuyatazama mambo haya tukiwa Segera, wala si bila sababu. Kila aujuaye mkoa wa Tanga aijua njia panda hiyo ya wilaya ya Handeni. Barabara itokayo Dar es Salaam na Chalinze hufika hapo ikagawanyika: mkono mmoja waenda Muheza na Tanga, na wa pili wapita Korogwe na Mombo kwenda Moshi na Arusha. Mabasi na malori hupita usiku na mchana, na wauza machungwa huyakimbilia madirishani. Mtu akaaye mahali kama hapo hawezi kusema kwamba mambo ya motokaa hayamhusu. Asiye na gari hupanda la mwenziwe, na asiyepanda hulipisha kila avukapo njia.

Maulizo ya watu ni mengi, lakini twaweza kuyakusanya katika mafungu matatu: motokaa kuukuu hununuliwaje, hutengenezwaje, na huegeshwa wapi. Fungu la mwisho watu hulidharau, na kumbe ndilo linaloua.

JUU YA KUNUNUA

Kwanza tuulize, kwa nini magari mengi ya namna hii hutoka Japani? Sababu ni mbili. Ya kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao uko upande wa kuume, unaotufaa. Ya pili ni sheria yao. Huko motokaa ya mtu binafsi hupimwa na wakaguzi baada ya miaka 3 ya kwanza, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na kila kilichochakaa hakina budi kutengenezwa. Basi wenyewe wengi huona ni nafuu kuliuza gari kuliko kuligharimia. Hapo twajifunza kwamba motokaa kuukuu si lazima iwe mbovu. Huenda iliachwa na mwenyewe ingali na nguvu. Lakini njia ni ndefu toka huko hata kwetu, na mikono inayoipitisha ni mingi, nayo si yote iliyo mieupe.

Ulizo la pili ni la umri. Watu wetu wamezoea kuupima umri wa motokaa kwa herufi za kibao chake. Husema, "Hii ni namba D," au, "Ile ni namba E," wakidhani wamekwisha jua yote. Hilo ni kosa. Kibao chaeleza wakati gari lilipoandikishwa katika Tanzania, wala hakielezi lilitengenezwa lini. Gari lililoundwa miaka kumi kabla ya kuletwa laweza kuwa na kibao kipya kuliko gari changa lililotangulia kufika. Basi tazama mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa katika kadi. Kisha vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Katika magari mengi mna kitambaa kidogo kilichoshonwa chini chenye tarehe ya mkanda. Ikiwa kadi yasema hivi na mikanda yasema vingine, uliza sababu kabla ya kutoa fedha.

Mpira wa gurudumu nao una cheti chake cha kuzaliwa. Ubavuni mwake mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Palipoandikwa 2319, mpira ule ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotembea, kwa maana jua na joto huukausha ukapasuka nyufa ndogo. Kwa hiyo usidanganywe na meno marefu. Soma tarakimu, ukatazame na ubavu.

Ulizo la tatu: nitaijuaje injini? Nenda asubuhi, na kabla hujasalimiana sana, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujaja, na yamkini anaficha taabu ya kuwaka kwake. Mwambie utarudi siku nyingine ikiwa baridi. Iwashwapo, simama nyuma uutazame moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili yake. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa inayoyachoma. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ipatapo moto maana yake maji yanaingia mahali pa moto. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Funga boneti, mshukuru mwenyewe, ukaende zako.

Tena jihadhari na injini iliyooshwa ikang'aa kama sahani. Aioshaye namna hiyo siku ya kuuza huenda amefuta nyayo za oili inayovuja. Na ile hesabu ya kilomita mbele ya dereva usiifanye msahafu, maana wako mafundi wajuao kuirudisha nyuma. Ushahidi ulio bora ni wa vitu vyenyewe. Kanyagio la breki lililolika, usukani uliong'aa kwa mikono, na kiti kilichobonyea havikubaliani na hesabu ya safari chache.

Ulizo la nne ni la karatasi. Namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma na iwe sawasawa, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyo katika kadi. Jina la muuzaji na liwe ndilo lililo katika kadi. Akisema gari ni la ndugu yake, na aje ndugu huyo. Dai kadi yenyewe, si nakala, kwa kuwa mara nyingi mkopeshaji huishika kadi mpaka deni liishe. Faini za barabarani huandikwa kwa namba ya gari, nazo zaweza kutazamwa kwa simu katika mitambo ya polisi. Yasiyolipwa na mwenyewe wa kwanza yatakungoja wewe. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, kisha nendeni pamoja katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato mkabadilishe jina. Asiyebadilisha jina amenunua chuma, hajanunua gari.

Na ajaye kuagiza gari mwenyewe na akumbuke kwamba Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa motokaa iliyozidi umri wa miaka 8. Jirani zetu wa Kenya hawairuhusu kabisa kuingia ikiwa imepita miaka hiyo. Kwa sababu hiyo bei iliyo nafuu bandarini kule Japani yaweza kugeuka mzigo ifikapo Dar es Salaam.

JUU YA KUTENGENEZA

Tuseme mkulima wa machungwa ameuza mavuno yake akanunua gari dogo. Miezi sita imepita, na sasa gari lachemka kila lipandapo mlima. Fundi wa jirani alitazama, akasema, "Tuitoe themostati, joto litakwisha." Je, afanye hivyo?

Tueleze kazi ya kitu hicho. Injini ikiwa baridi haifanyi kazi vizuri, na ikiwa na moto kupita kiasi huharibika. Themostati ni mlango mdogo uliowekwa katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, ili injini ipate joto upesi. Joto likifika kadiri yake mlango hufunguka, maji yakaenda katika rejeta kupozwa. Ukiung'oa mlango huo, maji yatapita siku zote, na injini itakawia kupata joto lake. Hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Na ikiwa kisa cha kuchemka kilikuwa rejeta iliyoziba, au feni isiyozunguka, au maji yanayovuja, basi ugonjwa umebaki pale pale, umefichwa tu. Kama themostati imekwama, dawa ni kutia mpya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Gari likichemka njiani, ondoka barabarani, zima injini, ungoje. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji ndani yake yamebanwa, na yakipata nafasi huruka kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa, yakauchoma uso na mikono. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua, ndipo ufungue polepole kwa kitambaa. Wala usimwage maji baridi ghafula juu ya chuma cha moto, maana chuma hupasuka.

Yako mambo matano ambayo mwenye gari aweza kuyatazama mwenyewe kila asubuhi bila fundi: oili, maji, mafuta ya breki, upepo wa mipira, na taa zote. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Mafuta ya breki yakipungua mara kwa mara, usiongeze tu ukaenda. Mahali fulani yavuja au pedi zimelika, na gari lisilo na breki nzuri si mali tena, ni silaha.

Kwa fundi, tuwe na adabu na macho. Mwulize ameona nini na kwa nini, mwombe akupe kifaa cha zamani alichokitoa, na mpatane bei kabla spana haijashikwa. Fundi mwema hakasiriki kuulizwa.

JUU YA KUEGESHA

Sasa twafika katika jambo zito. Mwezi wa Januari, 2025, katika kata ya Segera, ilitokea ajali usiku. Watu wakakusanyika ili kuwasaidia waliopatwa. Wakiwa pale, lori likawajia, na watu 11 wakafariki dunia. Twalitaja jambo hili kwa heshima ya marehemu, wala si kwa kumlaumu mtu. Walikwenda kwa huruma, na huruma yao ilikuwa njema. Lakini latufundisha kwamba gari lililosimama barabarani usiku, na watu wanaolizunguka, wamo katika hatari kubwa.

Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akiona kitu, sekunde moja yapita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Mita 22 zimekwisha kwenda. Baada ya hapo gari dogo lenye breki nzuri lahitaji zaidi ya mita 30 kusimama, na lori lenye mzigo lahitaji zaidi. Jumla yapita mita 50. Na taa zilizoshushwa huangaza vizuri kiasi cha mita hizo hizo 50, au pungufu. Basi dereva akuonapo kwa taa zake, nafasi ya kusimama imekwisha au yakaribia kwisha.

Kwa hiyo gari likiharibika, lisukumwe litoke kabisa katika lami. Ikiwa haliwezekani kutoka, washa taa za hatari, na uweke pembetatu ya kung'aa nyuma, mbali hatua 100 au zaidi, na nyingine mbele. Tawi la mti halitoshi usiku, kwa maana majani hayarudishi mwanga. Abiria wote washuke wakae mbali na barabara, wala wasisimame nyuma ya gari. Na mkienda kuwasaidia watu wa ajali, atangulie mmoja kila upande kuonya magari yajayo kwa tochi, kabla wengine hawajaingia njiani.

Ukiegesha mlimani, vuta breki ya mkono, tia gia, na elekeza magurudumu kando ili gari likiteleza liache njia. Ukiweka jiwe nyuma ya gurudumu, uliondoe uendapo. Mawe mangapi yameachwa katikati ya lami, na mwendesha pikipiki ajaye gizani hakuyaona! Usiegeshe karibu na njia panda, kwa kuwa unayaziba macho ya wengine. Usiegeshe juu ya majani makavu wakati wa kiangazi, maana bomba la moshi lina moto wa kutosha kuyawasha. Na usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kununua machungwa. Joto humo hupanda upesi mno.

Mwenye lori, kabla hujaondoka katika kituo, zunguka gari lako kwa miguu. Watoto hupenda kivuli cha chini ya lori. Hatua thelathini zako ni nafuu kuliko majuto ya maisha.

MWISHO

Basi tukumbuke. Katika kununua, amini chuma na kadi kuliko maneno. Katika kutengeneza, tafuta kisa cha ugonjwa kabla ya dawa. Katika kuegesha, mfikirie mtu usiyemjua, ajaye nyuma yako gizani. Motokaa ni chombo cha heri, chatupelekea mazao sokoni na wagonjwa hospitali. Lakini haina akili yake yenyewe. Akili ni lazima iwe ya mwenye kuiendesha, na ya kila mtu akaaye kando ya barabara.

Kwa heri ya kuonana.