Kimeng'enya Hupimwa kwa Kazi Yake

Mkulima aliyenyunyizia nyanya zake dawa ya jamii ya oganofosfati anaweza kuwa na kimeng'enya cha kolinesterasi tele damuni, huku hali yake ikielekea pabaya. Sumu hiyo haikiondoi kimeng'enya. Hukinasa pale pale kinapofanyia kazi, kikabaki kama kipo lakini hakifanyi kitu. Kujua kipo kiasi gani hakutusaidii. Lazima kipewe kazi, tuone kinaifanya kwa kasi gani.

Mwilini, kazi yake ni kuvunja asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli. Isipovunjwa, amri haikomi: mate na jasho humtoka mtu ovyo, mboni husinyaa, misuli hutetemeka, na mwishowe kupumua humshinda. Neva hatuwezi kuzichota, lakini utando wa seli nyekundu za damu umebeba kimeng'enya hicho hicho.

Mwaka 1961 George Ellman na wenzake walikipa asetilithiokolini. Ikivunjwa hutoka thiokolini, ambayo hugeuza kemikali nyingine kuwa ya njano. Njia hiyo ingali inatumika, ila rangi hiyo husomwa kwenye mwanga wa nanomita 412, na himoglobini hufyonza mwanga huo kwa nguvu. Njia nyingine ni elektrodi, ambayo haisumbuliwi na wekundu wa damu. Thiokolini ikiifikia huachia elektroni, na mkondo mdogo wa umeme hupita. Kimeng'enya kikichapa kazi, mkondo hupanda haraka.

Ugumu uko kwenye volti. Elektrodi ya kaboni tupu hudai volti kubwa, na hapo vitamini C na asidi ya yuriki za damuni nazo huachia elektroni, kipimo kikadanganya. Kwa hiyo kaboni huchanganywa na kobalti fthalosianini, inayoiwezesha thiokolini kuachia elektroni kwa volti ndogo.

Namba moja peke yake, hata ikiwa sahihi, haitoshi, maana watu hutofautiana sana. Sheria ya California hutaka wafanyakazi wanaoshika mara kwa mara dawa hizi wapimwe kwanza, kabla hawajaguswa nazo. Kimeng'enya cha seli nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kipimo hicho cha mwanzo, mtu huondolewa kwenye dawa hadi kirudi asilimia 80. Kwangu, hapo ndipo kifaa kidogo cha kubebeka chenye elektrodi hiyo kina thamani kubwa: kufika shambani kabla ya msimu wa kunyunyizia. Tena kirudi baadaye, kwa sababu seli nyekundu haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Kilicholemazwa kabisa hufidiwa na seli mpya tu, na kila seli huishi siku 120 hivi.