Rubela: Aina Nyingi, Chanjo Moja



Tangu wakati wa korona kuna swali linalorudi rudi katika vikundi. Akina mama wanauliza: ikiwa virusi hubadilika, na chanjo ya rubela ni ya zamani, itawakingaje watoto wetu leo? Ni swali la haki, nasi tunalijibu.

Kwanza tukumbushane. Rubela hufanana na ukambi lakini si ukambi. Mtoto hutoka vipele, homa kidogo, tezi za shingo huvimba, na baada ya siku tatu hivi anacheza. Wengine hata hawajui waliugua. Hatari iko kwa mama mjamzito. Akiambukizwa katika miezi mitatu ya kwanza, mimba yaweza kutoka, au mtoto azaliwe kiziwi, au na mtoto wa jicho, au moyo wenye kasoro. Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia, ndiye aliyelitambua jambo hili mwaka 1941. Huko Marekani, mlipuko wa 1964 na 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 na madhara hayo.

Sasa tuje kwa hizo aina. Virusi vya rubela hubeba ujumbe wa urithi wenye herufi karibu 9,760, yaani herufi za kikemikali. Vinapozaana hunakili ujumbe huo, na katika kunakili herufi hukosewa hapa na pale. Makosa hurundikana mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu wataalamu wamevigawa katika koo mbili, na ndani yake aina 13, zenye majina kama 1E, 1G na 2B. Ukoo mmoja hutofautiana na mwingine kwa herufi nane hadi kumi hivi katika kila mia.

Mtu akisikia hivyo hushtuka. Lakini kinga ya mwili haisomi herufi. Inatambua umbo la ganda la nje la virusi, na herufi nyingi zikibadilika umbo hilo hubaki karibu lile lile. Ni kama Kiswahili chetu: Lamu wanasema "ndoo" pale ambapo wengine wanasema "njoo", na aliyeitwa anakuja tu. Mafua makali ndiyo hubadilisha ganda lenyewe, ndipo chanjo yake hutengenezwa upya kila mwaka. Rubela sivyo.

Chanjo inayotumika karibu dunia nzima inaitwa RA 27/3. Dakta Stanley Plotkin aliitengeneza huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, kutokana na virusi vya aina 1a vilivyodhoofishwa. Aina hiyo moja hukinga dhidi ya zote 13. Ushahidi upo: mwaka 2015 bara zima la Amerika, Kaskazini na Kusini, lilitangazwa kwamba rubela haienei tena humo yenyewe. Wasafiri huingia nayo mara moja moja, lakini haipati pa kushika.

Kumbe tofauti hizo za herufi zina faida pia. Kama vile matamshi yanavyomtambulisha mtu kwao, maabara husoma kipande cha herufi 739 na kujua kama virusi ni vya hapa hapa au vimetoka nchi nyingine. Kwa hiyo mtoto akiwa na homa na vipele, msimfiche nyumbani ati ni vipele tu. Mpelekeni zahanati achukuliwe vipimo.

Hapa Kenya chanjo ya ukambi na rubela ilianza kwa kampeni ya Mei 2016, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Tangu hapo hutolewa kliniki, mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hiyo ya pili wengi huisahau, maana mtoto ashaanza kukimbia na kadi iko chini ya sanduku. Kikundi kinaweza kuzikagua kadi siku ya mkutano, kabla ya michango. Mama mjamzito hadungwi chanjo hii, na aliyedungwa angoje mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.