Je, Wajua? Uungu wa Yesu Uliwagawa Maaskofu

Je, wajua kwamba mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu mjini Nisea, leo İznik nchini Uturuki, kumaliza mabishano juu ya uungu wa Yesu?

Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya viumbe vingine vyote. Alishikilia Yohana 14:28, Yesu anaposema Baba ni mkuu kuliko yeye.

Wapinzani wake walijibu kwa Yohana 1:1, wakisema Neno, yaani Mwana, alikuwa Mungu tangu mwanzo. Shemasi Atanasi, baadaye askofu, alitetea hoja nzito: kiumbe hawezi kuwaokoa viumbe wenzake, na kumwabudu ni ibada ya sanamu.

Mkutano uliyakataa mafundisho ya Ario, na maaskofu wawili tu kutoka Libya ndio waliokataa katakata kutia sahihi kanuni ya imani ya Nisea. Wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario. Hata hivyo ubishi haukwisha. Atanasi mwenyewe alifukuzwa jimboni mwake mara 5, na imani ya Nisea ilithibitishwa tena Konstantinopoli mwaka 381. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanaikiri mpaka leo.