MTOTO HANA KASKE

Ndugu mtumikaji, kila asubuhi, mbele ya kuingia kazini, unavaa kaske, botini na maski. Mkubwa wa kazi akikukuta bila vyombo hivi, anakurudisha. Sasa tazama kule kwenye karyeri za wachimbaji wa mikono, pembeni ya Kolwezi. Mtoto anaosha mawe ndani ya maji, miguu wazi, bila maski. Ni nani atakayemrudisha?

Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40 000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza habari za watoto waliofanya kazi mpaka masaa 12 kwa siku. Wengine walibeba mifuko ya kilo 20 mpaka 40, na kupata franga 1 000 au 2 000 tu.

Unajua hatari hizi kuliko mtu mwingine. Vumbi ya kobalti inaharibu mapafu. Mzigo mzito unaumiza mgongo ambao haujakomaa. Shimo lisilo na nguzo linaanguka bila kutoa habari. Ndiyo maana sheria ya nchi inakataza kazi ya hatari kwa kila mtu asiyefika miaka 18.

Lakini kumfukuza mtoto hakutoshi. Ukimfukuza leo, na nyumbani hakuna unga, kesho atapita njia nyingine. Lazima apate masomo. Kama hana jamaa, apate pia nyumba ya kumlea. Tena nyumba hiyo iweze kujilisha.

Mifano iko hapa kwetu. Kolwezi, tangu mwaka 2013, Masista wa Bon Pasteur wanafundisha watoto waliotoka kwenye machimbo, ili warudie masomo waliyopoteza. Wamama na mabinti wanajifunza kushona, na jamaa zinasaidiwa kulima. Lubumbashi, Wasalesiani wa Don Bosco wanapokea vijana wa barabarani katika nyumba ya Bakanja. Katika Cité des Jeunes, vijana wanafundishwa kazi za mikono.

Kwa nini tunasema nyumba ijilishe? Sababu msaada wa mbali unakuja, tena unakwisha. Siku unapokwisha, mlango unafungwa, na watoto wanarudi shimoni. Lakini nyumba yenye shamba la mahindi na mihogo, kuku wachache na mashine ya kushona, hata msaada ukichelewa, bukari inapikwa. Vitu vinavyobaki vinauzwa sokoni, na pesa zinanunua madaftari.

Angalieni jambo moja: shamba la nyumba lisigeuke karyeri nyingine. Mtoto asome kwanza. Akisha masomo, amwagilie mboga au alishe kuku, kwa muda mfupi na kwa kadiri ya nguvu zake. Kazi nzito ni ya watu wazima.

Na wewe, ufanye nini?

– Usinunue mawe mkononi mwa mtoto, hata kwa bei ndogo. Anayenunua ndiye anayemrudisha shimoni.

– Mwandikishe mtoto masomoni. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure. Nguo na madaftari vinabaki juu yako: weka pesa zake siku ya mshahara, mbele ya matumizi mengine.

– Ukijua umekaniki, useremala au umeme, toa siku moja ya mapumziko ufundishe vijana. Nawe mama, toa mbegu, au fundisha kushona.

– Mtoto aliyetoka karyeri akikohoa siku nyingi, usimpe dawa ya sokoni. Mpeleke lupitalo, na mweleze munganga kazi aliyoifanya.

Ndugu, kaske yako inalinda kichwa chako. Kichwa cha mtoto kinalindwa na masomo, na sahani ya bukari inayomngoja anaporudi. Kesho asubuhi, ukimwona mtoto anabeba mfuko kwenda karyeri, usipite kimya. Muulize jina lake, na mzazi wake yuko wapi.