MLO WA MCHANA WAKATI WA MSIMU: MKATE WA KUKU



Katika msimu wa ununuzi wa mazao, makatibu na makarani wengi hushinda kwenye mizani tangu asubuhi bila ya kutia kitu tumboni. Mwenye njaa husoma mizani kwa pupa na kuandika tarakimu kwa pupa, na hasara yake humwangukia mkulima au chama. Mlo wa mchana, basi, si anasa bali ni sehemu ya kazi. Makala haya yaeleza jinsi ya kutengeneza nyumbani, kwa muda usiozidi nusu saa, mkate wenye nyama ya kuku, ambao wengi huuita sandwichi.

Mahitaji kwa watu 4: kidari cha kuku kisicho na mfupa gramu 400, slesi 8 za mkate, nyanya 2, kitunguu 1, parachichi 1 lililoiva, ndimu, chumvi, pilipili manga na mafuta kidogo.

Kwanza, andaa nyanya na kitunguu, ndipo ushike nyama. Usiioshe nyama mbichi, kwani maji yanayoruka hutawanya vijidudu jikoni. Nayo ndimu haitoshi kuviua.

Pili, kata nyama vipande vyembamba vya unene wa sentimeta 1, uitie chumvi, pilipili manga na maji ya ndimu. Baada ya hapo osha kwa sabuni mikono, kisu na ubao.

Tatu, kaanga kila upande kwa dakika 4 hivi. Nyama huwa salama joto la katikati lifikapo nyuzi 74 za sentigredi. Asiye na kipimajoto akate kipande kinene kuliko vyote: kikiwa na wekundu wowote, au kikitoa maji ya damu, nyama yote irudi motoni.

Nne, banika slesi ili zisilowe, zipake parachichi lililopondwa, kisha panga nyama, nyanya na kitunguu. Mkate uliwe ungali moto.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Wako wanaotengeneza mkate huu alfajiri, wakauweka ndani ya mkoba hadi saa saba mchana chini ya bati la ghala. Kuku aliyepikwa hapaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na katika joto la kuzidi nyuzi 32, zaidi ya saa 1. Kumpasha moto baadaye si dawa, kwani vijidudu vingine huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Karani mmoja akiugua tumbo, mizani hukosa mtu na wakulima hungoja na mazao yao.

Kwa hiyo, anayeishi karibu na ghala na aende nyumbani kula, chama kikipanga zamu ili mizani isisimame. Anayeondoka atie sahihi mahali alipoishia katika daftari la mizani, na anayempokea aanzie hapo. Anayeishi mbali achukue mkate, karanga na ndizi mbivu, kuku amwache kwa chakula cha jioni.

Inafaa Halmashauri za vyama zilipange jambo hili kabla ya msimu kufunguliwa.