Kitenzi *fallar* cha Kihispania na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kihispania huelekea kukilinganisha kitenzi *fallar* na 'shindwa' cha Kiswahili. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba ulinganisho huo hautoshi, na pengine hupotosha.

Kwanza, 'shindwa' ni kauli ya kutendwa ya 'shinda'. Kwa hiyo hudokeza mshindi, atajwe asitajwe. *Fallar* hakidokezi mshindi yeyote. Hueleza kwamba kitu au mtu hakutimiza lililotarajiwa kwake. *Falló el motor* ni 'injini iliharibika'. Aliyepatwa na hasara akitajwa, Kihispania huongeza kiwakilishi: *me falló el motor*. Hapo Kiswahili kina kauli ya kutendea, 'injini iliniharibikia', ambayo inafaa kabisa. Mhusika akiwa mtu, *me fallaste* ni 'umeniangusha'. Na *fallar el tiro* ni 'kukosa shabaha'.

Pili, *fallar* kitenganishwe na *fracasar*, ambacho huhusu jambo zima kutofaulu. Asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya kuvunjavunja, na katika Kihispania kimetumika hasa kwa chombo kinachovunjika mwambani. Wasemaji wa Kiswahili, ambao mipango yao 'hugonga mwamba' au 'huenda mrama', hawatakiona kigeni.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari, kuna *fallar* kingine, chenye umbo lile lile na asili mbali. Hiki ni umbo la kale la *hallar*, yaani 'kupata' au 'kuona'. Sauti *f* mwanzoni mwa maneno mengi ya Kikastilia iligeuka *h*, lakini lugha ya sheria iliihifadhi. *El tribunal falló en contra del acusado* si 'mahakama ilishindwa', bali 'mahakama iliamua dhidi ya mshtakiwa'. Kiswahili nacho husema hakimu 'amemwona' mtu ana hatia. Hata nomino *fallo* huweza kuwa 'kosa' au 'hukumu'.

Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Sheria Anzilishi ya Umoja wa Afrika ilivitaja Kihispania na Kiswahili pamoja miongoni mwa lugha rasmi. Basi mfasiri na atazame kwanza kiima: kikiwa ni hakimu, mahakama au jopo la waamuzi wa tuzo, asiandike 'shindwa' kabla ya kuichunguza sentensi nzima. Haki ya mtu yaweza kutegemea neno hilo moja.